Betri ya moyo: hofu iende panapostahili

Mtu akishawekewa betri ya moyo, yaani kifaa cha umeme kinachopandikizwa mwilini kusimamia mapigo, maswali ya kwanza huwa ya maikrowevu, televisheni na rimoti. Majirani nao huleta yao: usishike simu, usikae karibu na redio, usifue kwa mashine. Sehemu kubwa ya hofu hizo imepitwa na wakati. Kasha la titaniamu la vifaa vya leo, pamoja na vichujio vilivyomo ndani, huzuia karibu kelele zote za umeme wa kawaida wa nyumbani, na maikrowevu nzima haina neno. Lakini mtu huyohuyo anayeikwepa maikrowevu utamkuta na simu kwenye mfuko wa shati juu ya kifaa, anakikuna kidonda kinachowasha, na kadi yake hajui iko wapi. Madhara makubwa hutokea upande huo: kwenye ngozi, kwenye waya, kwenye sumaku iliyolala kifuani, na kwenye tarehe za kliniki zilizopita bila mtu kwenda.

Ujue ulichonacho

Neno "betri" hutumika kwa vitu viwili tofauti, na kuvichanganya kuna gharama. Pesimeka ni ya moyo unaopiga polepole au unaoruka mapigo. Hutoa msukumo mdogo wa umeme, mara nyingi volti 2 hadi 3 kwa muda usiofika nusu milisekunde, na kwa kawaida mwenyewe hausikii. Pesimeka haipigi shoti. Difibrileta ni kubwa zaidi, na muda mwingi inangoja tu. Mdundo wa hatari ukianza kwenye chemba za chini za moyo, inaweza kwanza kuupiku kwa mapigo machache ya haraka yasiyouma. Yakishindwa, inajaza chaji kwa sekunde kadhaa kisha inapiga shoti, mara nyingi ya juli 30 hadi 40. Difibrileta zenye waya ndani ya moyo hufanya pia kazi ya pesimeka. Pesimeka haiwezi kufanya kazi ya difibrileta.

Mahali kilipo kifaa pia pana maana, kwa sababu umbali wote utakaousoma hapa unapimwa kutoka kwenye kasha. Vingi hukaa chini ya mtulinga wa kushoto. Difibrileta ya chini ya ngozi hukaa ubavuni, chini ya kwapa, na waya wake hupanda kando ya mfupa wa kifua bila kuingia moyoni. Pesimeka isiyo na waya kwa kawaida hukaa yote ndani ya chemba ya chini ya kulia, hivyo mwenye nayo hana kovu la kifuani. Huyu ndiye anayesahaulika kirahisi na wahudumu wa dharura, kwa kuwa hakuna kinachoonekana.

Kadi ya kifaa iwe na modeli ya kasha, modeli ya kila waya, namba zake, tarehe ya upasuaji, na kama mfumo mzima unaruhusiwa kuingia kwenye MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa. Ipige picha, mbele na nyuma, na picha hiyo awe nayo mtu mwingine mmoja. Ukitoka kliniki omba pia karatasi ya vipimo vya mwisho. Humo utakuta herufi kama VVI au DDDR. Ya kwanza inataja chemba inayopigishwa, ya pili chemba inayosikilizwa, ya tatu kile kifaa kinachofanya kikilisikia pigo la moyo wenyewe. R ya mwisho maana yake kasi hupanda mwili unapofanya kazi. Namba muhimu kuliko zote kwako ni kasi ya chini, mara nyingi 50 au 60 kwa dakika. Ikariri.

Wiki sita za kwanza

Kidonda kikae kikavu kwa siku 7 hadi 10, au mpaka timu yako itakaposema. Usipake mafuta, poda wala dawa ambayo hukuandikiwa. Mkanda wa begi au wa sidiria usipite juu yake. Mkanda wa gari ni lazima ufungwe, na kitaulo kilichokunjwa kikiwekwa katikati, hauumizi.

Halafu kuna mkono. Ncha ya waya imeshikwa ndani ya moyo na skrubu ndogo au vikulabu laini, na mwili bado haujajenga kovu la kuishikilia. Kwa hiyo kwa wiki 4 hadi 6 kiwiko cha upande huo kisipande juu ya bega, na mkono huo usinyanyue zaidi ya kilo 4 au 5. Usisukume wala kuvuta kitu kizito, usijishikilie kwa mkono huo unapoinuka kitandani. Wengine husikia hayo na kuufunga mkono kabisa, wakakaa nao hivyo mwezi mzima, kisha bega likaganda na kuuma kwa miezi. Mkono unatakiwa kutembea: kula, kuoga, kuvaa, kuzungusha kiwiko chini ya usawa wa bega mara kadhaa kwa siku.

Waya ukihama, dalili huwa kizunguzungu kile cha zamani kimerudi, au misuli ya kifua inaruka kwa mpangilio, au kwikwi isiyoisha inayokwenda sambamba na mapigo. Kwikwi hiyo watu huichukulia kama mzaha, kumbe umeme wa kifaa unafika kwenye neva ya kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, au kwenye kiwambo chenyewe. Piga simu kliniki siku hiyohiyo.

Uvimbe unaokua na kukaza baada ya upasuaji mara nyingi ni damu, hasa kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda. Asitokee mtu wa kuudunga sindano ili kuivuta. Sindano hiyo inaweza kuingiza vijidudu hadi kwenye kasha, na hapo tatizo dogo linageuka kuwa kubwa. Uamuzi huo ni wa timu iliyokuweka kifaa, si wa zahanati yoyote iliyo karibu. Usiache dawa ya damu kwa uamuzi wako pia.

Maambukizi yanastahili hofu yako yote. Yanaweza kuja wiki ya pili, yanaweza kuja mwaka wa tatu. Wekundu, joto, maumivu mapya, usaha, homa isiyo na maelezo. Kuna dalili nyingine ya kimyakimya: ngozi juu ya kona moja ya kasha inakuwa nyembamba, inang'aa, inabadilika rangi, na ukiisogeza kwa kidole haitelezi tena, imegandana na chuma. Hapo bado kuna muda wa kuwahi. Ngozi ikitoboka na chuma kikaonekana, mfumo wote unahesabiwa umeambukizwa, hata kama mgonjwa hana homa na mwenyewe anajisikia mzima.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotezewa wakati. Vijidudu hujijengea utando juu ya chuma na plastiki, na antibayotiki haiupenyi vya kutosha. Vidonge vinapunguza wekundu, wiki mbili baadaye unarudi, unaandikiwa vingine. Tiba inayokubalika ni kutoa kasha pamoja na waya zote, kutibu, kisha kuweka mfumo mpya upande mwingine. Waya iliyokaa miaka imegandana na mshipa kwa kovu, na kuing'oa ni kazi ya wataalamu wenye vifaa maalumu. Ukipewa antibayotiki duru ya pili kwa kidonda cha betri bila timu ya moyo kukiona, usisubiri ya tatu.

Na usichezee kasha. Kuna hali iliyoelezwa na madaktari tangu 1968 ambapo mgonjwa, akijua au akiwa usingizini, anakizungusha kifaa ndani ya mfuko wake wa ngozi hadi waya zinajisokota na ncha inang'oka moyoni. Vidole vikizoea kwenda pale, vizoeshe kwenda kwingine.

Umbali na muda

Kifaa kinafanya kazi kwa kusikiliza. Pigo la moyo linapofika kwenye waya huwa na milivolti chache, na difibrileta hutegwa kusikia hata chini ya milivolti moja, kwa kuwa moyo unaotetemeka hutoa ishara hafifu. Sikio kali kiasi hicho linaweza kudanganywa. Pesimeka ikidhani kelele ya umeme ni mapigo, inanyamaza, na anayeitegemea kikamilifu anaona giza. Difibrileta ikidhani kelele ni mdundo wa hatari, inampiga shoti mtu aliye macho na asiye na tatizo. Kwa kawaida ukishasogea mbali kifaa kinarudi kwenye kazi yake palepale. Kwa hiyo ukisikia kizunguzungu au moyo kwenda mrama karibu na mashine yoyote, ondoka kwanza. Uchunguzi utafuata.

Sumaku ni habari nyingine. Ndani ya kifaa kuna swichi au kihisi kilichowekwa makusudi ili daktari aweze kukitawala kwa sumaku, na huitikia nguvu ndogo ya takriban militesla 1. Sumaku ikiwa juu ya pesimeka, kwa kawaida inapiga kwa kasi isiyobadilika bila kuusikiliza moyo. Juu ya difibrileta, kwa kawaida utambuzi wa midundo ya hatari unasitishwa kwa muda wote sumaku iko pale, huku kazi ya pesimeka ikiendelea kama kawaida. Baadhi ya modeli hulia, nyingi hazisemi kitu. Husikii maumivu wala kizunguzungu. Unatembea tu bila kinga uliyowekewa.

Hii imekuwa na uzito zaidi tangu simu zilipoanza kuwekewa sumaku mgongoni. iPhone 12 ilitoka 2020 ikiwa na duara la sumaku la kuchajia, na mwaka 2021 madaktari wakaonyesha kwamba simu hiyo ikiwekwa kifuani juu ya difibrileta inaweza kuisitisha. Apple yenyewe inashauri simu hizo zikae zaidi ya sentimita 15 kutoka kwenye kifaa, na zaidi ya sentimita 30 zikiwa kwenye chaji isiyo na waya. Mawimbi ya simu, ambayo ndiyo watu huyaogopa, ni tatizo dogo sana siku hizi. Ongea kwa sikio la upande wa pili, simu ibaki mfuko wa suruali au mkobani, basi.

Hiyo sentimita 15 itumie kwa kila kitu chenye sumaku: kava la simu la kufunika, kava la tableti, kasha la kuchajia vifaa vya masikioni, beji ya jina inayoshikwa kwa sumaku, kifungo cha mkoba, mkanda wa saa, spika. Hedifoni masikioni hazina shida. Zikishushwa zikaning'inia shingoni, sumaku zake zinalala pale palipo na kasha. Vivyo hivyo mwenza au mtoto aliyezivaa akikulalia kifuani. Magodoro na mikufu ya sumaku inayouzwa kama tiba, usiyaingize nyumbani kabisa.

Jiko la induksheni, yaani la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku, linahitaji sentimita 60 kati ya kifua na sehemu inayopasha. Ukisimama wima, kifua mara nyingi kiko mbali vya kutosha. Shida ni kuinama kuchungulia sufuria. Tumia sehemu za nyuma. Sufuria ifunike duara lote na ikae katikati yake, kwa maana sufuria ndogo iliyowekwa pembeni huacha nguvu nyingi ya sumaku ikivuja. Ukikoroga kwa kijiko cha chuma huku sufuria imekaa vibaya, umeme mdogo unaweza kupita mkononi. Mwiko wa mti unaliondoa tatizo hilo.

Umeme unaovuja unanitia wasiwasi kuliko majiko yote, na vijitabu vya wagonjwa huupitia haraka. Hita ya bafuni, mashine ya kufulia, friji, pampu ya maji ambayo ukiigusa ukiwa pekupeku inakunyonya kidogo: watu huizoea, wakavaa ndala, maisha yakaendelea. Mtu mwenye difibrileta hawezi kuizoea. Umeme wa gridi hutetemeka mara 50 kwa sekunde, katika nchi nyingine mara 60, na ukipita mwilini hata kwa kiasi kisichoumiza, kifaa kinaweza kuusoma kama moyo unaotetemeka. Kinajaza chaji, kinapiga. Ukiwa bado umeshika bomba au umesimama majini, kinaweza kupiga tena.

Kwa hiyo kabla mgonjwa hajarudi nyumbani, fundi umeme aliyesomea apime ethi. Asiishie kutazama kama waya upo. Apime kama unafanya kazi, kwenye soketi za jikoni, bafuni na panapofuliwa. Pin ya tatu isikatwe ili plagi iingie kwenye adapta. Swichi inayokata umeme unapovuja, ile ya miliampea 30, iwepo na ijaribiwe kwa kitufe chake mara kwa mara, lakini isichukuliwe kuwa mbadala wa ethi. Inakata uvujaji unaoweza kuua, ilhali kifaa kinaweza kuusikia uvujaji mdogo kuliko huo. Ukipigwa shoti ukiwa unagusa chombo cha umeme au uko kwenye maji, toka, kisha andika saa na ulichokuwa umekigusa. Kifaa kimerekodi mchoro wa dakika ile, na mtaalamu ataweza kuona kama ilikuwa moyo au ilikuwa bomba.

Karakana inawezekana. Drili na vifaa vingi vya mkononi, sentimita 15. Injini inayonguruma, jenereta, msumeno wa petroli: sentimita 30 kutoka sehemu za plagi na oltaneta, na usiinamie boneti gari likiwa limewaka. Kuwasha gari kwa nyaya za betri ya gari jingine mwachie mtu mwingine.

Uchomeleaji ndio wenye mabishano. Watengenezaji wengi huweka kikomo, mara nyingi ampea 130 au 160 kutegemea kifaa, na umbali wa sentimita 60 kati ya cheche na kifua. Kebo mbili zisokotwe pamoja na zisipite begani, maana zikiachana zinatengeneza duara la sumaku na wewe uko katikati yake. Kibano cha ethi kiwe karibu na sehemu inayochomelewa. Glavu na viatu vikavu. Usichomelee kwa vijipigo vya harakaharaka, kwa sababu mfululizo huo unafanana na mapigo. Subiri sekunde 10 hivi kati ya mshono na mshono. Usiwe peke yako. Kwa mwenye difibrileta ambaye hiyo ndiyo ajira yake, nashauri aombe kliniki iwasiliane na mtengenezaji ili kazi ipimwe palepale inapofanyika. Madaktari wengi watamwambia abadilishe kazi, nao wana hoja.

Milango ya kuzuia wizi madukani na ya ukaguzi viwanja vya ndege: pita kwa mwendo wa kawaida, usisimame katikati wala kuegemea. Kifaa cha mkononi cha kupekulia kisitulie juu ya kifua. Onyesha kadi na uombe kukaguliwa kwa mikono. Mizani ya kupima mafuta mwilini hupitisha umeme miguuni, iache. Mashine za kusisimua misuli kwa umeme usitumie bila ruhusa ya kliniki. Michezo ya kugongana vifua na kitako cha bunduki begani upande wa kifaa pia viache, kwa sababu ya waya. Kuogelea ni sawa kidonda kikishapona, ila mwenye difibrileta asiogelee bila mtu anayemwangalia.

Hospitalini kuna hatari kuliko nyumbani

Hili huwashangaza watu, lakini mashine zenye nguvu za kweli ziko huko. Eksirei na utrasaundi ya kawaida ya uchunguzi ni salama. CT, yaani eksirei ya kompyuta, pia, kwa karibu kila mtu. MRI inawezekana kwa mifumo mingi ya leo. Ya kwanza iliyoidhinishwa Marekani kwa masharti hayo ilikuwa Februari 2011. Tatizo ni kwamba kibali ni cha mfumo mzima. Kasha jipya likiunganishwa na waya wa zamani, au kukiwa na waya uliotelekezwa ndani usiounganishwa na chochote, masharti yanabadilika na uamuzi unahitaji kituo chenye uzoefu. Kwa kawaida husubiriwa wiki 6 tangu kuwekewa. Kabla ya kuingia, mpangilio wa kifaa hubadilishwa kwa kompyuta ya kliniki, na shoti za difibrileta huzimwa. Baadaye lazima ziwashwe. Uliza waziwazi kabla hujavaa viatu: "Shoti zimewashwa tena? Naomba niione karatasi." Watu wamewahi kwenda nyumbani zikiwa zimezimwa.

Swali hilohilo uliulize baada ya upasuaji wowote. Kisu cha umeme kinachokata na kuzuia damu hupitisha umeme mwilini hadi kwenye pedi iliyobandikwa mahali fulani. Pedi iwekwe ili njia ya umeme isikatize kifuani. Operesheni ya goti na pedi pajani haina shida sana. Operesheni juu ya kitovu inahitaji mpango: sumaku juu ya kifaa au mpangilio wa kifaa kubadilishwa kabla, na mgonjwa abaki kwenye monita mpaka shoti ziwashwe.

Tiba ya joto kwa mawimbi ya redio au maikrowevu, inayotumika baadhi ya kliniki za mazoezi ya viungo, ni marufuku kabisa, hata gotini, hata kifaa kikiwa kimezimwa. Waya hukusanya nishati hiyo na kuichoma misuli ya moyo pale ncha inapogusa. Tiba ya mionzi kwa saratani inaruhusiwa lakini kasha lisiwe kwenye njia ya mionzi, na kifaa kipimwe katikati ya matibabu. Kwa daktari wa meno kifaa peke yake hakikulazimu kumeza antibayotiki ya kinga.

Dawa nazo hugusa kifaa. Potasiamu ikipanda sana, kwa mfano kwa mgonjwa wa figo, moyo unaweza kuacha kuitikia msukumo wa pesimeka, ingawa kifaa ni kizima. Flekainidi, dawa ya kutuliza mdundo wa moyo, hupandisha kiwango cha umeme kinachohitajika. Amiodaroni, nayo dawa ya mdundo, inaweza kuupunguza kasi mdundo wa hatari hadi ukapita chini ya kasi ambayo difibrileta imetegwa kuitambua, na inaweza kufanya shoti ihitaji nguvu zaidi. Ukibadilishiwa dawa za moyo, kliniki ya kifaa ijue.

Siku ya shoti

Wengi husema ni kama kupigwa teke kifuani kutoka ndani. Mpango uwe umekubaliwa kabla na uwe umebandikwa ukutani. Shoti moja, ukajisikia sawa: kaa chini, piga simu kliniki siku hiyo au kesho yake asubuhi. Shoti moja ukiwa na maumivu ya kifua, pumzi kukata, kuchanganyikiwa au kuzimia: dharura. Shoti mbili au zaidi ndani ya saa 24: dharura, hata ukijisikia mzima. Usijiendeshe kwenda hospitali. Sheria za kuendesha gari baada ya kuwekewa kifaa na baada ya shoti zinatofautiana nchi kwa nchi, na kwa madereva wa magari ya biashara huwa kali zaidi, kwa hiyo ulizia zako kwa maandishi.

Anayekugusa wakati wa shoti anaweza kusikia mchonyoto mdogo, haumdhuru. Familia iambiwe hilo mapema, kwa sababu woga huo huwafanya watu kusimama kando. Ukianguka na hupumui kawaida, waanze kukandamiza kifua mara moja, wasisubiri difibrileta imalize kazi yake. Mashine ya nje ya kushtua moyo itumike kama kawaida, pedi ikae angalau sentimita 8 kutoka kwenye kasha.

Shoti nyingine huwa si za haki: mapigo ya chemba za juu yanayokimbia ovyo, waya uliopasuka, umeme wa bafuni. Wapo pia wanaoamka usiku wakiapa wamepigwa, na kifaa kikionyesha hakikupiga. Huyo hajatunga. Hofu baada ya shoti ni kweli, inatibika, na inafaa itajwe kliniki bila aibu.

Kipimo, betri na mwisho wake

Nyumbani, kaa dakika 5, shika mapigo ya kifundo cha mkono kwa sekunde 60 kamili. Yakiwa chini ya kasi yako ya chini, rudia. Wakati mwingine pigo la mapema ni dhaifu kiasi kwamba halifiki mkononi, hivyo hesabu inakuwa ndogo bila kifaa kukosea. Vifaa vingine pia hutegwa kushuka usiku. Ikibaki chini, au ikiambatana na kizunguzungu, piga simu.

Kliniki hupima mambo manne: betri imebaki kiasi gani, umeme mdogo kabisa unaoamsha moyo, ukubwa wa ishara inayosikika, na ukinzani wa waya. Ukinzani ukiruka juu ghafla, waya unashukiwa kukatika; ukiporomoka, gamba lake limechubuka. Kifaa hukaguliwa ndani ya miezi mitatu ya kwanza, kisha pesimeka kila miezi 3 hadi 12 na difibrileta kila miezi 3 hadi 6. Ukiwa na mashine ya kutuma taarifa kutoka kando ya kitanda, nafasi kati ya safari za kliniki inaweza kurefushwa, ila elewa kwamba hakuna mtu anayeitazama usiku kucha. Ukiumwa, nenda hospitali.

Tarehe 8 Oktoba 1958, huko Sweden, daktari Åke Senning alimwekea Arne Larsson pesimeka ya kwanza kabisa ya ndani ya mwili, iliyotengenezwa na mhandisi Rune Elmqvist. Ilikufa baada ya saa chache. Larsson aliishi hadi 2001, akiwa amebadilishiwa vifaa zaidi ya 20. Betri ya leo hudumu takribani miaka 8 hadi 12 kwa pesimeka nyingi, pungufu kiasi kwa difibrileta, kutegemea kazi inayofanya. Haizimiki ghafla: inatoa onyo la kubadilishwa huku imebakiza kwa kawaida kama miezi mitatu. Kinachobadilishwa ni kasha lote, waya hubaki zikiwa nzima. Usiombe kubadilishiwa mapema "kwa usalama", kwa kuwa kufungua mfuko wa zamani kuna hatari kubwa ya maambukizi kuliko mara ya kwanza.

Kuna mambo mawili ya mwisho ambayo familia hukuta hayajazungumzwa. Mgonjwa aliye na ugonjwa usiopona anaweza kuomba shoti za difibrileta zizimwe, ili zisimpige siku zake za mwisho. Huzimwa kwa kompyuta bila kuchanwa, na kazi ya pesimeka inaendelea. Na ikiwa mwili utateketezwa kwa moto, kifaa lazima kitolewe kwanza, kwa sababu betri ya lithiamu hulipuka ndani ya tanuri. Kwa mazishi ya ardhini si lazima. Anayeuandaa mwili aambiwe kifaa kipo na ni cha aina gani, na kama ni difibrileta, izimwe kabla mtu hajakata waya, maana inaweza kumpiga shoti anayeikata.